Moshi haujaua mtu? Basi na tufungue daftari la hospitali



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, kuna neno linazunguka katika baraza za Rumonge. Ukishuka na pwani hadi Nyanza-Lac utalikuta, na ukipanda hadi Buyenzi kule Bujumbura utalikuta pia. Neno lenyewe ni hili: moshi haujaua mtu. Babu zetu walipikia kuni, walichemsha mawese, na walikufa wazee. Husemwa kwa kicheko, na aliyelisema huona mjadala umekwisha. Mtoto akikohoa usiku kucha, akabebwa hospitali alfajiri, akalazwa siku nne kwenye oksijeni, maelezo ni yale yale: baridi ya ziwa, au mafua, au jicho la mtu.

Sisi tunasema hivi: neno "haujaua" ni hesabu. Anayelitamka ametoa jumla, na jumla yake ni sifuri. Tuna haki ya kumuuliza amehesabu wapi, lini, na kwa daftari gani. Hakuhesabu. Wala hatumwachi ndugu wa upande wa pili, yule anayesimama baada ya swala na kutaka mitambo yote ya mawese ifungwe kesho kwa sababu mwanawe ana pumu. Na yeye tunamuuliza swali lile lile.

Ajabu ni kwamba daftari lipo. Kila hospitali na kila kituo cha afya cha pwani hii kina rejista. Mgonjwa akilazwa huandikwa tarehe, umri, mume au mke, anakotoka, ugonjwa aliokutwa nao, siku aliyotoka na hali aliyotoka nayo. Kila mwezi jumla hupelekwa juu, na siku hizi huingizwa kwenye kompyuta katika mfumo wa wizara. Baada ya hapo daftari lenyewe hufungwa, huwekwa kabatini, na panya huanza kazi yao. Tumekalia ushahidi huku tukibishana kama watu wasio na shahidi.

MOSHI GANI TUNAOUSEMA

Rumonge ni mji wa mawese, hilo halina haja ya kuelezwa. Chikichi huchemshwa kwenye mapipa kabla ya kukamuliwa, na moto wake ni kuni pamoja na makapi ya chikichi yenyewe, ambayo bado yana mafuta na hutoa moshi mzito unaong'ang'ania nguo. Majumbani karibu kila jiko la Burundi ni la kuni au makaa. Maharage yetu yanachemka masaa, na mama ameinama juu yake na mtoto mgongoni. Ongeza takataka zinazochomwa uani, malori ya barabara ya Bujumbura, na samaki wanaobanikwa jioni. Mwezi wa Ramadhani nyumba zote huwasha moto saa moja, ile kabla ya magharibi, na anayepita mtaani wakati huo hupita ndani ya wingu.

Kisha kuna kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Majani huchomwa kwetu, huchomwa Congo, huchomwa Tanzania, na moshi hauna pasipoti. Mtu wa pwani anaijua alama yake. Mvua ikisafisha hewa mwezi wa Aprili, unaweza kuhesabu mikunjo ya milima ya Congo ng'ambo ya ziwa. Mwezi wa Agosti milima hiyo haipo, umebaki weupe mtupu. Wazee huita ukungu. Sehemu kubwa yake ni moshi na vumbi.

Ndani ya moshi huo kuna chembe ndogo mno, ambazo upana wake haufiki mikroni 2.5. Unywele wa binadamu una upana wa mikroni kama 70, kwa hiyo chembe hizo ni ndogo kuliko unywele mara karibu 30. Pua haizizuii. Hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine huvuka na kuingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilikaza kiwango chake mwaka 2021: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo wa hewa, na kabla ya hapo lilikuwa limeruhusu 10. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba moshi wa majumbani peke yake uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka 5. Hizi ni hesabu za dunia. Mtu anaweza kuzisikia akasema, hiyo ni dunia, si Rumonge. Sawa. Ndiyo maana tunataka daftari la Rumonge.

WENZETU WALIVYOFUNGUA LA KWAO

London, tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, mji ulifunikwa na moshi wa makaa ya mawe, watu wakashindwa kuona miguu yao. Wakati ule pia walikuwapo wa kusema moshi haujaua mtu. Lakini kulikuwa na ofisi iliyowatafutia wagonjwa vitanda, na maombi yake yalipanda ghafla katika siku zile zile. Vifo navyo viliandikwa. Hesabu ya kwanza ilitoa watu kama 4,000. Vifo viliendelea kuwa vingi hadi miezi ya mwanzo ya 1953, na serikali ikasema hayo sasa ni mafua. Miaka karibu 50 baadaye watafiti walirudi kwenye madaftari yale yale wakaona mafua hayatoshi kueleza, na wakakadiria watu kama 12,000. Tazameni basi, hata kisingizio cha mafua si chetu peke yetu. Sheria ya hewa safi ya Uingereza ilitoka mwaka 1956, na ilitoka kwa nguvu ya hesabu.

Mfano wa pili tunaupenda zaidi, na tunaomba wanafunzi wa sekondari wausome kwa makini. Katika bonde la Utah, Marekani, kulikuwa na kiwanda cha chuma. Mwaka 1986 wafanyakazi na wenye kiwanda walivutana, kiwanda kikafungwa kama miezi 13, kisha mwaka 1987 kikafunguliwa tena. Mchumi mmoja wa chuo kikuu, Arden Pope, alichukua madaftari ya hospitali za bonde hilo akalinganisha majira ya baridi ya kiwanda wazi na majira ya baridi ya kiwanda kimefungwa. Watoto waliolazwa kwa mkamba na pumu walikuwa mara mbili hadi tatu zaidi kiwanda kilipofanya kazi. Akachapisha mwaka 1989. Walikuja wenye kubisha, wakatafuta pa kushika. Je, si sigara? Wakazi wengi wa bonde lile ni wafuasi wa dini inayokataza tumbaku, na wavutaji walikuwa wachache sana. Je, si baridi kali? Akaangalia bonde la jirani lenye baridi kama hiyo lakini halina kiwanda, na kule hakukuwa na mabadiliko ya aina hiyo. Mlango mmoja baada ya mwingine ukafungwa.

Na hapa walimu wa madrasa tuketi vizuri. Mwaka 1992 Pope na mwenzake walichapisha kazi nyingine kutoka bonde hilo hilo, na safari hii hawakutumia daftari la hospitali. Walitumia daftari la mahudhurio ya shule za msingi. Siku za hewa chafu, watoto waliokosekana darasani waliongezeka. Daftari la mahudhurio! Kitu ambacho kila ustadhi anacho chini ya mkono wake.

Lakini kwa nini twende Utah, wakati mfano uko ng'ambo ya maji? Uvira tunaiona kutoka Bujumbura kwa macho. Kituo cha kutibu kipindupindu cha Uvira kiliandika wagonjwa wake kila siku, na mtambo wa maji wa mji uliandika kila siku umesukuma maji kiasi gani. Watafiti waliweka madaftari hayo mawili ubavu kwa ubavu, ya mwaka 2009 hadi 2014, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Siku ambayo bomba halikutoa maji kabisa ilifuatiwa na ongezeko la wagonjwa la asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitoka kwa wingi unaotakiwa. Karibu robo ya wagonjwa wote waliolazwa walihesabiwa kuwa ni wa upungufu wa maji ya bomba. Ile ilikuwa hesabu ya maji na hii yetu ni ya hewa, lakini hesabu ni moja: daftari la wagonjwa upande mmoja, daftari la kinachowaumiza upande wa pili, tarehe kwa tarehe. Kama imewezekana Uvira, mji wenye vita na umeme wa kukatika, nani atatuambia kwamba Rumonge haiwezekani?

MWALIMU WA MADRASA YANAMHUSU NINI?

Tunaulizwa hivyo, na anayeuliza hufikiri ametuweka mahali petu. Tunamjibu kwa Abubakr al-Razi, tabibu aliyefariki karibu mwaka 925. Inasimuliwa kwamba alipotakiwa kuchagua mahali pa kujenga hospitali Baghdad, alitundika vipande vya nyama katika mitaa mbalimbali, akachagua pale nyama ilipochelewa kuoza, kwa kuwa hewa yake ni bora. Wanahistoria wana shaka na kisa hiki, maana hospitali inayotajwa ilifunguliwa miaka mingi baada ya kufa kwake, na sisi hatutauza kisa chenye shaka kwa sababu tu kinatupendeza. Lisilo na shaka ni kwamba al-Razi aliandika habari za wagonjwa wake mmoja mmoja, na kwamba aliwahi kuwatibu wengine kwa kuwatoa damu na kuwaacha wengine makusudi bila kuwatoa, ili aone tofauti. Kuandika na kulinganisha. Anayedhani kazi hii imeingia kwetu na meli ya Wazungu hajasoma historia ya bimaristani.

Kuhusu wale wanaosema kila kifo ni ajali iliyoandikwa: naam, imeandikwa. Lakini hatujaona mvuvi wa Rumonge aliyeacha tundu kwenye mtumbwi wake kwa hoja hiyo.

DAFTARI NALO LINA HILA ZAKE

Sasa tuseme upande ambao wapenda takwimu huukwepa. Rejista ya hospitali haihesabu wagonjwa. Inahesabu waliofika. Kati ya kuugua na kufika kuna nauli, kuna mto uliofurika, kuna mume aliye ziwani na mama asiye na pesa, kuna mganga wa mitishamba aliye jirani. Mtoto aliyekufa nyumbani Muhuta kabla pikipiki haijapatikana hayumo katika daftari lolote la hospitali.

Kumbukeni mwaka 2006. Tarehe 1 Mei ya mwaka huo Rais Nkurunziza alitangaza kwamba watoto wa chini ya miaka 5 watatibiwa bure na akina mama watajifungua bure. Kabla ya hapo mambo yalikuwa magumu kiasi kwamba shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima, Septemba 2006, juu ya wagonjwa maskini waliokuwa wakizuiliwa hospitalini nchini mwetu kwa kushindwa kulipa. Mlango ulipofunguliwa, wodi za watoto zilifurika. Sasa mchukue mtu asiyejua habari hiyo, mpe daftari la 2005 na la 2007. Atakwambia hewa ya Burundi iliharibika ghafla katikati ya 2006. Hewa haikufanya lolote. Kilichobadilika ni bei.

Hilo ni moja. Mwaka 2010 nchi nzima iliingia katika utaratibu wa kuvilipa vituo kwa kadiri ya huduma walizohesabu, na tangu siku hiyo kila mstari wa rejista una thamani ya fedha. Hatusemi watu walidanganya. Tunasema kalamu inayolipwa kwa mstari husomwa kwa uangalifu kuliko kalamu isiyolipwa. Mwaka 2015 maelfu walivuka kwenda Tanzania, wakasongamana Kagunga, na meli ya Liemba ikawabeba hadi Kigoma. Wodi zikipungua watu mwaka ule, msiseme moshi umepungua. Kisha kuna jina lenyewe la Rumonge. Ilikuwa tarafa ya Bururi, ikawa makao ya mkoa wake mwaka 2015, na mwaka 2025 ikaingizwa katika mkoa mpya wa Burunga. Anayechukua "takwimu za Rumonge" za miaka 20 anachukua takwimu za nchi tatu tofauti zenye jina moja, asipokuwa mwangalifu. Na ziwa lenyewe lilipopanda, mpaka likavamia nyumba za pwani mwaka 2024, watu walilala kwenye kuta mbichi, na ukuta mbichi nao unaleta kifua.

Halafu malaria. Mtoto mwenye homa na pumzi za haraka anaweza kuandikwa malaria na nimonia isitajwe, hasa usiku wa zamu moja na wagonjwa 40. Mwaka 2017 serikali ilitangaza malaria kuwa janga; fikirieni wenyewe rejista za mwaka huo zinasomeka vipi.

Je, haya yote yanaliua daftari? Hapana, na hapa tunatofautiana na wale wanaoziona kasoro hizi na kufunga kabati kwa furaha. Dawa yake inajulikana. Usilinganishe mwaka na mwaka, linganisha siku na siku. Jumanne ya moshi mzito ilinganishwe na Jumanne nyingine za mwezi huo huo, katika mji huo huo, kwa bei ile ile ya matibabu, kwa watu wale wale, majiko yale yale na umaskini ule ule. Kilichobadilika kati ya Jumanne na Jumanne si umaskini wala mpaka wa mkoa. Ni hewa, na mvua, na joto, na hivyo viwili vya mwisho vinapimika na kutolewa. Kisha uangalie si siku ile tu bali na siku mbili tatu baada yake, maana kifua hakikamati mara moja. Huku ndiko kulinganisha mtu na nafsi yake, na ndiyo nguvu ya njia hii.

Lakini nguvu hiyo hiyo ni upofu wake. Njia ya siku na siku inaona kinachopanda na kushuka. Jiko la mama halipandi wala halishuki. Moshi wake wa Jumatatu ni wa Jumanne na ni wa Ijumaa, mwaka mzima. Katika mchoro wa siku kwa siku moshi huo hauonekani kabisa, kama kelele ya ziwa ambayo aliyezaliwa pwani haisikii tena. Kwa hiyo mtu akija na daftari akatuambia mitambo ya mawese ina hatia na jiko halina, tumrudishe akasome. Jiko halikuachiwa huru, halikuhojiwa. Ili kulihoji lazima ulinganishe nyumba na nyumba, kama walivyofanya Majid Ezzati na Daniel Kammen kule Laikipia, Kenya. Walikaa na familia, wakapima moshi ndani ya nyumba zenyewe, na mwaka 2001 wakaonyesha kwamba kadiri mtu anavyovuta moshi mwingi ndivyo maradhi ya kifua yanavyomzidi.

Na wauza majiko wasitutumie. Wanapita na jiko la bati, wanakwambia mtoto hatapata nimonia tena. Malawi walijaribu majiko bora katika vijiji, watoto zaidi ya 10,000, na matokeo ya mwaka 2016 yalisema nimonia haikupungua. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya jaribio la gesi la nchi nne, Rwanda ikiwemo, na hata gesi haikupunguza nimonia kali ya watoto wachanga kwa tofauti ya kutegemewa. Mpinzani wetu atarukia hapo: si tulisema? Polepole. Mtoto wa Malawi aliyepewa jiko bora bado alivuta moshi wa jirani, wa takataka na wa shamba. Ukiziba tundu moja la mtumbwi wenye matundu matano, maji yataendelea kuingia, na hilo halithibitishi kwamba maji hayaingii kwa matundu. Linathibitisha kwamba tundu moja halitoshi, na kwamba hesabu ifanywe kabla ya kumwuzia maskini bati.

TUNACHOKIDAI

Tunadai kidogo, na ndiyo maana hatuoni udhuru wa kutupuuza. Katika rejista ya kulazwa ziongezwe safu mbili. Ya kwanza, mtaa hasa anakolala mgonjwa, si "Rumonge" peke yake. Anayelala ubavuni mwa mapipa ya mawese na anayelala kilimani wasiandikwe kama jirani. Ya pili, nyumbani wanapikia nini na wapi, ndani au uani. Maswali hayo muuguzi anayauliza kwa nusu dakika. Tarehe ya kuanza kuugua nayo iandikwe, maana tarehe ya kulazwa ni siku nauli ilipopatikana.

Upande wa hewa, mashine ni nzuri na zikipatikana zifungwe. Lakini tusikubali kuambiwa tungoje mashine. Viwanja vya ndege duniani huandika kila siku mtu anaona umbali gani, na watafiti wa mahali pasipo na mashine wametumia kumbukumbu hizo kukisia uchafu wa hewa. Kiwanja cha Bujumbura ni kiwanja kama vingine. Setilaiti nazo hutazama moshi kutoka juu na picha zake hutolewa bure. Na sisi wa pwani tuna kipimo ambacho wengine hawana: milima ya Congo. Kila siku saa ile ile, mwanafunzi asimame mahali pale pale aandike: inaonekana wazi, inaonekana nusu, haionekani. Ni kipimo cha kienyeji, na ukungu wa maji utakichanganya asubuhi, kwa hiyo kiandikwe mchana. Katika madrasa yetu tumeanza kuweka safu hiyo kando ya mahudhurio, pamoja na sababu ya mtoto kukosa: kifua, homa, safari, kazi.

Majina yasitoke. Hili hatulifanyii mzaha. Ugonjwa wa mtu ni sitara yake, na muuguzi amebeba amana. Mtafiti hahitaji kujua ni mtoto wa nani. Anahitaji tarehe, umri, mtaa, jiko na ugonjwa. Nakala itolewe bila majina, na mtaa ukiwa na nyumba chache mno uunganishwe na wa jirani ili mtu asitambulike. Kituo kikisema hakiwezi kufanya hivyo, basi kisitoe.

Na jumla zirudi kwetu. Zisiishie Bujumbura na Geneva. Kuna mtoto mmoja wa London, Ella Kissi-Debrah, aliyekuwa akiishi karibu na barabara kubwa ya magari. Katika muda wa miaka mitatu hivi alipelekwa hospitali karibu mara 30 kwa pumu, akafariki Februari 2013 akiwa na miaka 9. Kila safari iliandikwa. Vipimo vya hewa vilikuwapo jirani, navyo viliandika. Madaftari mawili yaliandikwa katika mji mmoja, na hakuna aliyeyasogeza pamoja wala aliyemwambia mama yake. Mama mwenyewe, Rosamund, ndiye aliyesukuma kesi mpaka profesa mmoja, Stephen Holgate, akayalinganisha, na tarehe 16 Desemba 2020 afisa wa kuchunguza vifo akaamua kwamba uchafu wa hewa ulichangia kifo chake. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza. Mji tajiri, mashine zipo, madaktari wapo, na mama hakuambiwa. Mama wa Rumonge ataambiwa na nani?

Linabaki suala la wachemshaji wa mawese, na ndilo linalowafanya wengi wanyamaze. Wengi wao ni wazazi wa wanafunzi wetu. Ada ya madrasa, sare, hata mafuta ya taa ya msikiti umeme ukikatika, vimetoka kwenye mapipa hayo. Tunaambiwa mkifungua daftari mtawanyang'anya watu riziki. Tunasema kinyume chake. Aliye karibu na pipa kuliko wote ni mama anayelichochea, na kama daftari lina habari mbaya basi ni habari yake kwanza. Pia daftari linaweza kumtetea. Mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nyumbani, usiku hugeuka. Huenda ikaonekana kwamba shida ya mtaa fulani ni saa ya kuchemsha, au makapi mabichi, au bomba la moshi lililo fupi, mambo yanayorekebishwa bila mtu kupoteza kazi. Bila hesabu, siku mkubwa mmoja atakapoudhika na moshi atafunga yote kwa amri, na mchemshaji hatakuwa na karatasi ya kujitetea.

Wazazi ambao watoto wao wamelazwa kwa kifua tangu kiangazi kilichopita, njooni na vile vikaratasi vya kutokea hospitali, tarehe tu, jina lifunikwe. Tunapokea baada ya alasiri, siku zote isipokuwa Ijumaa.

Wabillahi tawfiiq.